Fundi Aliyechonga Kinyume

Sestertius ya Nero, kaisari wa Roma, ni sarafu yenye upana wa milimita 35 hivi, na ndani ya duara hilo imeenea bandari nzima. Gati zimepinda kuikumbatia bahari, merikebu moja imetweka tanga, nyingine inapigwa makasia, na chini amejilaza mungu wa maji. Ni bandari ya Ostia, aliyoianza kaisari aliyemtangulia, Claudius. Sarafu zenyewe zilitolewa mnamo mwaka 64.

Fundi aliichonga bandari hiyo kinyume. Kila kilichotakiwa kuinuka kwenye sarafu alikichimba ndani ya muhuri wa kugongea sarafu. Cha kulia alikiweka kushoto, na herufi alizipanga nyuma mbele. Kisha muhuri mmoja ulikazwa kwenye fuawe, kipande cha madini kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukafuata, na nyundo ikashuka. Madini hayo yalikuwa shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ukijani tunaouona leo ni kazi ya karne nyingi. Ilipotoka kwenye nyundo, sarafu iling'aa manjano kama dhahabu.

Nampenda zaidi fundi huyu anapochonga nyuso. Shingo ya Nero aliiacha iwe nene, na kidevu chake kizito. Kaisari Vespasianus alimpa upara na makunyanzi yake yote. Kaisari alitaka kutambulika mikononi mwa watu ambao wasingemwona maishani, na mchongaji akawapa mtu.

Lakini kazi hiyo ilitumikia mabavu pia. Mwaka 71 zilitolewa sarafu za kutangaza kwamba Yudea imetekwa: mtende katikati, mshindi amesimama na mkuki, na upande wa pili wa mtende mwanamke ameketi, kichwa amekiegemeza mkononi. Waliotoa amri walitaka tumtazame mshindi. Mimi macho yangu huenda kwa yule mwanamke, kwa sababu mabega yake yamechongwa na mtu aliyejua huzuni inavyokaa mwilini.

Mtu huyo hatumjui. Huko Syracuse, mji wa Wagiriki, karne kadhaa kabla yake, wachongaji Kimon na Euainetos walitia majina yao kwenye sarafu walizozichonga. Wachongaji wa makaisari hawakupewa nafasi hiyo. Basi nayaomba makumbusho, yanapoandika kwenye kibao jina la Nero au Vespasianus, yaongeze mstari mmoja chini yake: kazi ya fundi ambaye jina lake halikuandikwa.