"Fantastic" na "-a Ajabu": Tatizo la Kivumishi katika Uhakiki Wetu

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili hukitafsiri kivumishi cha Kiingereza "fantastic" kwa "-a ajabu" bila kusita. Tunadai hapa kwamba kusita kunahitajika, kwani maneno haya mawili hayana asili moja wala mzigo mmoja.

"Fantastic" limetokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kulifanya jambo lionekane. Katika mazungumzo ya kila siku limechakaa hata likawa sifa tu ya chakula kitamu. Todorov (1970), akiandika kwa Kifaransa, alilipa neno lililo ndugu yake maana finyu: fantasia ipo pale tu msomaji anaposita kati ya maelezo ya kimaumbile na yale yapitayo maumbile. Akiyakubali haya ya pili, fantasia imekwisha.

"Ajabu", kwa upande wake, ni neno la asili ya Kiarabu linalotaja hali ya mwenye kuona. Al-Qazwini, mwanachuoni wa karne ya 13, alilieleza kuwa ni bumbuazi limpatalo mtu asiyejua sababu ya jambo. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: nani anayestaajabu, na kwa nini?

Tuchukue Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Kwa kipimo cha Todorov, majini ndiyo yanayoitenga kazi hii na uhalisi. Lakini kwa msomaji Mwislamu wa pwani, ambaye Kurani yake ina sura nzima (ya 72) yenye jina la majini, jini si hitilafu ya maumbile, ni kiumbe. Kinachostaajabisha ni mtu mwadilifu kuwachapa manyani kila usiku. Ajabu hiyo ni ya kimaadili.

Nagona (1990) ya Kezilahabi ni kinyume. Humo msimulizi husafiri katika ulimwengu ambamo msomaji hapati imani ya jadi wala sayansi ya kuegemea. Hapo kusita ndiko kusoma kwenyewe.

Tukiziita kazi zote mbili "za ajabu", twaifuta tofauti hii. Tukiziita zote fantasia, twamlazimisha msomaji wetu ashuku asichokishuku. Istilahi ya kuazima hupima vizuri pale tu tunapokwisha kumjua msomaji inayemdhania.