Ganda la Virusi: Istilahi Ipelekwayo Shambani

Wafasiri wengi wa elimu ya viumbe huiita protini inayofunika kirusi kwa jina la 'ganda'. Ni neno fupi, la Kiswahili, lisilohitaji maelezo. Ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Hata hivyo, tukilipeleka Lukozi, katika milima ya Usambara, ambako wakulima hutegemea viazi na mboga, laanza kutuponza. 'Protini ya ganda la virusi vya kiazi' mkulima ataisikia kuwa ni habari ya ganda la kiazi, yaani kitu cha kumenywa na kutupwa.

Kifuniko hicho hakitupiki. Tuchukue kirusi kinachokunja majani ya viazi. Kifuniko chake chenye pande 20 kimejengwa kwa vipande 180 vya protini, vimeshikana kama matofali, na ndani mna uzi wenye urithi wake. Vidukari ndio wakibebao kirusi hicho kutoka mmea hadi mmea, nacho hakipenyi utumbo wa kidukari ila kwa msaada wa kifuniko hicho. Tena maabarani, mbegu ya viazi ipimwapo, kinachotafutwa mara nyingi ni protini hiyohiyo.

Mpangilio wa aina hii ulibainishwa kwa kuvifanya virusi kuwa fuwele na kuzipitishia miale ya eksirei. Mwaka 1978 Stephen Harrison na wenzake, huko Marekani, walikipambanua hivyo kifuniko cha kirusi kidumazacho minyanya. Nacho kina vipande 180. Hapa 'ganda' latuponza mara ya pili, maana 'kuganda' ndicho kitenzi ambacho wengi hukitumia kuelezea fuwele inavyofanyika. Mwanafunzi asomaye kwamba 'protini ya ganda imegandishwa' tunamwonea. Wako pia waandikao 'muundo wa kioo'. Hilo ni kosa kabisa: chembe za kioo hazina mpango wa kujirudia, na fuwele ni mpango huo hasa.

Sisi twapendelea 'kapsidi' vitabuni, ifafanuliwe mara ya kwanza kuwa ni kifuniko cha protini cha kirusi. 'Fuwele' ibaki. Vilevile 'umbo la fuwele' lisitumiwe panapokusudiwa muundo wa protini yenyewe, kwani fuwele ni njia tu ya kuujua.

Bwana shamba wa Lukozi hahitaji hata 'kapsidi'. Yamtosha kusema kwamba kirusi hiki huletwa na vidukari na kwa mbegu iliyoambukizwa, na kwamba dawa ya ukungu haikiui, hata mkulima akiinunua kila wiki.