UHAKIKI WA FILAMU: MUNA MOTO, AU MWANA NI WA NANI?

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na jina Muna Moto kwa mara ya kwanza huenda akafikiria moto unaowaka. Sivyo. Jina hili ni la Kiduala, mojawapo ya lugha za Kibantu za Kameruni. Muna ni mwana, na moto ni mtu. Jina zima ni "mwana wa mtu", yaani mtoto wa mwingine. Undugu huo wa lugha zetu unatufungulia mlango, kwani mgogoro wote wa filamu umo ndani ya jina lake.

Mtunzi wake ni Jean-Pierre Dikongué-Pipa, aliyeitoa mwaka 1975 kwa picha nyeusi na nyeupe. Mwaka 1976 ilishinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou. Mwaka 2019 ilikarabatiwa chini ya mpango wa kuhifadhi filamu za Kiafrika unaoziunganisha FEPACI, UNESCO na The Film Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Martin Scorsese. Mwaka 2022 ilitolewa kwa diski. Kwa hiyo sasa tunaweza kuihakiki kwa kuitazama, si kwa kusimuliwa.

Tukianza na maudhui, Ngando na Ndomé wanapendana. Ngando hana baba wala mahari, hivyo anamwendea ami yake, Mbongo, amsaidie. Mbongo ana wake watatu na hajajaliwa mtoto. Badala ya kumlipia mahari mwana wa nduguye, anamposa msichana yuleyule awe mke wake wa nne. Ndomé anaamua kujitoa kwa Ngando, akitumaini kwamba posa itavunjika ikijulikana kuwa si mwanamwali tena. Anapata mimba, lakini Mbongo hatetereki. Alichokitaka ni mtoto, na mtoto anakuja.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Tumezoea kuisifu methali hii kwa sababu inamkinga mtoto asinyooshewe kidole. Muna Moto inatuonyesha upande wake wa pili: mwenye kitanda akiwa ndiye mwenye mali, hekima hiyohiyo inamhalalishia kumtwaa mwana wa mwenzake. Hapa ndipo uasi wa Ngando unapopata uzito. Yeye hakuikataa mila; alitaka kuoa kwa mahari kama desturi inavyoagiza. Aliyeigeuza mila kuwa mtego ni mzee aliyepaswa kuilinda.

Kwa upande wa fani, msanii ametumia mbinu rejeshi kwa ustadi. Tunaanzia kwenye Ngondo, sherehe ya watu wa Sawa mjini Douala, ambako Ngando anamnyakua binti yake na kukimbia naye. Yaliyotangulia tunayapata vipande vipande. Kwa mpangilio huo, Ngando tunamwona kwanza kama mwizi wa mtoto, kisha tunalazimika kujiuliza ni nani aliyeanza kuiba. Jibu tunalo, lakini anayeishia gerezani ni Ngando.

Hata hivyo, filamu ina upungufu wake. Tendo la ujasiri kuliko yote ni la Ndomé, aliyeuweka mwili wake na heshima yake hatarini ili ajichagulie mume. Lakini jina la filamu na hatima yake vinaelemea kwenye ugomvi wa wanaume wawili juu ya mtoto. Swali "mwana ni wa nani?" linaulizwa kana kwamba mama hamo katika hesabu.

Mjadala huu haujazeeka. Nchini Uganda, mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, ila mahari yenyewe haikuifuta. Dikongué-Pipa naye hatuambii mahari ifutwe. Anatuonyesha kinachotokea pale uwezo wa kulipa unapogeuka kuwa haki ya kumiliki watu.

Wanafunzi wa fasihi linganishi wanahimizwa kuitafuta filamu hii. Waitazame pamoja na methali zetu za ndoa na uzazi, kisha waulize kila methali inasema kwa niaba ya nani.