Osileta tatu na mlio wa ngoma ya Newala

Osileta ni sehemu ya sintesaiza ya kompyuta inayozalisha wimbi la sauti. Vidhibiti vyake huamua mambo matatu: umbo la wimbi, kasi ya kujirudia kwake (yaani kidatu) na mahali linapoanzia. Ngoma za kuwambwa ngozi, kama zinazopigwa katika densi ya sindimba huko Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, ni kipimo kizuri cha vidhibiti hivyo.

Kwanza ni umbo. Wimbi la saini lina mtetemo mmoja tu. Msumeno huongeza mitetemo ya mara mbili, tatu, nne na kuendelea. Mraba huchukua ile ya namba witiri pekee. Mpangilio huo ni wa uzi. Ngozi ya duara iliyowambwa hutetemeka kwa uwiano mwingine: takriban 1, 1.59 na 2.14. Kwa hiyo msumeno, hata ukikatwa mfupi, hausikiki kama ngoma. Kinachofaa ni saini tatu, kila moja na kidatu chake.

Pili ni kidatu. Sintesaiza ya 3x Osc iliyomo ndani ya programu ya muziki ya FL Studio ina osileta tatu, na kila moja ina kidhibiti cha nusutoni na cha senti, yaani sehemu ya mia ya nusutoni. Osileta ya kwanza ikiwekwa Hz 110, ya pili hupandishwa nusutoni 8 na senti 6, ikafika Hz 175. Ya tatu hupandishwa nusutoni 13 na senti 13, ikafika Hz 235. Sauti za hizi mbili hupunguzwa ili ya msingi itawale.

Wapigaji huzipasha ngoma moto kabla ya kucheza: ngozi hukauka, hukaza na kidatu hupanda. Kwenye kompyuta, kazi hiyo hufanywa kwa kupandisha osileta zote tatu kwa kiasi kilekile, uwiano hauvunjiki. Muda wa mlio nao haubadiliki. Hali ni tofauti katika fonografu ya mitungi ya nta, kama aliyokuja nayo mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule Masasi na Newala mwaka 1906: mtungi ukizungushwa haraka kidatu hupanda na wimbo hufupika.

Pigo lenyewe huivuta ngozi, hivyo kidatu huanza juu kidogo kisha hushuka upesi. Hilo hupangwa kwa kidhibiti cha mabadiliko ya kidatu kwa muda. Tatu, mahali wimbi linapoanzia huamua mguso: saini ikianzia sifuri huingia taratibu, ikianzia kileleni hutoa mdundo mkavu. Mahali hapo pakiachwa pabadilike ovyo, kila pigo huingia tofauti.

Uwiano huu ni wa ngozi tupu. Hewa iliyomo ndani ya gogo huusogeza, kwa hiyo senti za mwisho hurekebishwa kwa sikio, ngoma halisi ikisikilizwa kando.