Swali la "Ungekuwa Wewe": Uhakiki wa Maswali ya Tafakuri katika Ufundishaji wa Takadini na Orodha

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania anapomaliza kusoma kitabu teule cha fasihi hukutana na maswali ya aina mbili yanayodai kumhusisha yeye mwenyewe. La kwanza humtaka aeleze amejifunza nini. La pili humtaka ajiweke mahali pa mhusika: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Swali la kwanza limekwisha kulaumiwa vya kutosha kwa kuigeuza kazi ya sanaa kuwa kapu la maadili, na hapana haja ya kulirudia hapa. La pili limesalimika. Walimu wengi huliona kuwa dawa ya lile la kwanza, kwa kuwa linaelekea kumpa kijana nafasi ya kusema lake. Uhakiki huu unashikilia kwamba sifa hiyo haistahiki kikamilifu. Kwa namna lilivyozoeleka kutungwa, swali la "ungekuwa wewe" humwondoa mwanafunzi katika matini na papo hapo humwondoa katika maisha yake, ilhali linadai kuviunganisha viwili hivyo.

Msingi wa kinadharia wa maswali ya tafakuri unafahamika. Louise Rosenblatt, katika kitabu chake cha mwaka 1938 na kwa ufafanuzi zaidi katika kile cha 1978, alishikilia kwamba maana haikai ndani ya matini ikisubiri kuchimbuliwa, bali huzaliwa pale msomaji na matini wanapokutana. Alitofautisha usomaji wa kubeba taarifa, ambao msomaji hujali kile atakachoondoka nacho, na usomaji wa kiujumi, ambao msomaji hujali yale anayoyapitia anaposoma. Wolfgang Iser naye alisisitiza mapengo ambayo matini huyaacha ili msomaji ayajaze. Mtaala wa sekondari wa Tanzania ulipoelekezwa kwenye ujenzi wa umahiri mwaka 2005, mawazo yenye mwelekeo huu yalipata uhalali mpya darasani, angalau katika lugha ya nyaraka. Lakini Rosenblatt hakuwahi kusema kwamba lolote analolihisi msomaji ni tafsiri. Alimtaka msomaji airudie matini na kuupima mwitiko wake kwa maneno yaliyomo. Sehemu hii ya hoja yake ndiyo inayopotea mwalimu anapoandika ubaoni swali linaloanza na "ungekuwa".

Kitenzi hicho chenyewe kinahitaji kutazamwa. Kiambishi -nge- huonesha hali ambayo haipo wakati wa kusema. Anayeambiwa "ungekuwa na gari" ameshachukuliwa kuwa hana. Kwa hiyo mwanafunzi anapoulizwa angefanya nini kama angekuwa Sekai, mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino katika riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, swali limekwisha kuamua kwamba yeye si Sekai, hana ndugu wa namna hiyo, wala yeye mwenyewe si Takadini. Limemweka nje, kisha likamwalika aingie kwa muda kama mgeni. Sarufi ya swali imetangulia kupanga nani ni wa darasa na nani ni wa kitabu.

Katika madarasa ya Tanzania upangaji huo si jambo dogo. Riwaya inatumia mazingira ya Washona wa Zimbabwe ya kale, lakini msomaji wa Shinyanga, Mwanza au Geita haioni kuwa hadithi ya mbali. Mauaji na ukatwaji viungo wa watu wenye ualbino yaliitikisa nchi tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyohiyo. Watoto wenye ualbino waliondolewa vijijini na kukusanywa katika vituo na shule kama Buhangija, mkoani Shinyanga, ili walindwe. Watoto hao hukua na kuingia sekondari, nao husoma vitabu vilevile. Kijana wa aina hiyo, aliyekaa dawati la mbele kwa sababu haoni vizuri ubaoni, anaposikia wenzake arobaini wakiulizwa wangefanya nini kama wangekuwa na mtoto kama yeye, anafundishwa jambo ambalo hapana mwalimu aliyekusudia kulifundisha.

Hata kwa wale arobaini, swali halizai kitu. Jibu lake linajulikana kabla ya kalamu kushikwa: ningemchukua mwanangu nikakimbia, kwa sababu kila binadamu ana haki ya kuishi. Ni jibu jema, nalo halimgharimu mwandishi wake hata senti. Ujasiri wa Sekai una uzito katika riwaya kwa kuwa anauacha mji wake, cheo chake cha mke mkubwa na mume anayempenda, kisha anaingia porini asikokujua. Mwanafunzi anajivika ujasiri huo kwa sentensi moja, akiwa ameketi. Kinachopatikana ni sifa kwa mwandishi wa jibu, na Sekai mwenyewe anakuwa mdogo kuliko alivyoandikwa.

Ikiwa lengo ni kuikutanisha riwaya na maisha na maadili ya kijana, mlango uliopo ni mwingine. Ni Makwati. Baba huyu hana ukatili wa asili. Anampenda mkewe aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi, lakini wazee wanaposema lao hana nguvu ya kupingana na mila. Vijana wachache sana watawahi kukabiliwa na uamuzi wa Sekai. Hali ya Makwati wanaiishi kila juma. Mwenzao anapewa jina la dhihaka bwenini, wote wanalisikia, na aliye karibu naye zaidi anatazama pembeni. Swali linaloweza kumfikia kijana huyo ni lile linalomtaka aonyeshe, kwa kurejelea matukio, ni wapi hasa Makwati alikuwa bado na nafasi ya kusema neno, na nini kilichomzuia. Kisha aandike kuhusu mtu yeyote, wa kweli au wa kubuni, aliyenyamaza mahali kama hapo. Hapa "ungekuwa" haihitajiki. Matini inasomwa kwa karibu, na mwandishi hakulazimishwa kusema kama mtu huyo ni yeye. Hata jina la mtoto, ambalo kwa Kishona ni swali, "tumefanya nini?", linamsaidia mwalimu: kauli hiyo iko katika nafsi ya kwanza wingi, si ya Sekai peke yake.

Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds inalifikisha tatizo mbali zaidi, na kwa sababu hiyo inastahili nafasi kubwa. Furaha, msichana wa kijijini, anakufa kwa UKIMWI na kuacha barua anayotaka isomwe siku ya mazishi yake. Ndani yake, inavuma, kuna orodha. Wanaume waliokuwa naye, miongoni mwao watu wa heshima, wanahangaika kuipata na kuizuia, kwa kuwa wanaamini ni orodha ya majina yao. Barua inaposomwa, inabainika kuwa orodha si ya majina. Ni ya mambo ambayo yangeyaokoa maisha yake.

Swali la tafakuri linalotolewa kwa kawaida baada ya kitabu hiki humtaka mwanafunzi aandike orodha yake mwenyewe ya mambo atakayoyazingatia ili kujikinga. Linaonekana kufuata mkondo wa tamthiliya barabara. Kwa kweli linaubomoa ufundi wake mkuu. Matokeo yake ni hati ya ahadi za kiafya inayofanana kutoka Kagera hadi Mtwara, na ambayo mwanafunzi angeweza kuiandika bila kuufungua mchezo wenyewe. Mwandishi ametumia sehemu kubwa ya tamthiliya kujenga shauku isiyokuwa safi. Hadhira inataka majina. Inatamani kumwona padri akiaibika mbele ya waumini wake, mfanyabiashara akitoka mbio. Shauku hiyo ndiyo inayoisukuma hadhira mbele, na ndiyo inayonyimwa chakula mwishoni. Msomaji aliyekuwa akiwacheka wanaume wale kwa hofu yao anatambua kwamba alikuwa akiitazamia orodha ileile waliyoitazamia wao.

Hapa ndipo tamthiliya inapogusa thamani ambazo kijana wa leo anazo hasa, tofauti na zile anazotakiwa kuzitaja. Anaishi katika dunia ya orodha. Majina ya wasichana husambazwa katika makundi ya WhatsApp pamoja na picha zao. Anayejua jina jipya ana hadhi kwa siku mbili. Swali lenye manufaa lingemwelekeza kwenye tukio moja kabla ya barua kusomwa na kumuuliza alitarajia kusikia nini, maneno gani ya mchezo yalimfanya atarajie hivyo, na kwa nini Furaha, ambaye alikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi, hakuyataja majina. Kisha aamue kama Furaha alifanya haki. Wapo watakaosema kwamba hakufanya: kwamba kuwaficha wanaume wale ni kuwaacha waendelee. Hilo ni jibu zito, lenye ushahidi ndani ya matini, na linaonesha jinsi tafakuri ya kweli inavyoweza kutofautiana na fundisho la kitabu bila kuwa utovu wa adabu.

Maswali haya yanamrudisha mhakiki kwenye suala la siri, ambalo maandiko ya ufundishaji hulipitia haraka. Daftari la mwanafunzi si mali yake kwa maana kamili. Hukusanywa na kiongozi wa darasa, hulundikwa mezani ofisini, hurudishwa kwa kupita mikono kadhaa, na insha nzuri husomwa mbele ya wote kama tuzo. Kumtaka msichana aandike ndani ya daftari hilo jinsi ujauzito wa Suzi katika Kilio Chetu unavyohusiana na maisha yake ni kumtaka maungamo bila kumpa kificho cha maungamo. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatizwa masomo kwa kujifungua wameruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Anaweza kuwa yuko darasani humohumo. Naye ana njia mbili tu mbele ya swali hilo: kusema uongo au kujianika. Fasihi iliyobuniwa ili watu waweze kuyasema mambo kwa kupitia wengine inageuzwa kuwa chombo cha kumnyang'anya mtu uwezo huohuo.

Huenda ikadaiwa kwamba kumtaka kijana ajitazame katika matini ni desturi ngeni. Dai hilo halina nguvu. Mafumbo ya mashairi ya Kiswahili na nyimbo za taarabu yamekuwa yakifanya hivyo kwa vizazi, na yalifanya kwa ustadi zaidi, maana mlengwa hujitambua bila kutajwa, na akitaka anaweza kusema hakulengwa yeye. Ni kweli pia kwamba ipo mila ya waadhi wa waziwazi: Utendi wa Mwana Kupona, wa katikati ya karne ya 19, ni wosia wa mama kwa bintiye, na haufichi nani anasemeshwa. Shule imeurithi mkondo wa wosia na kuuacha ule wa fumbo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usahihishaji. Mtihani wa Kidato cha Nne husahihishwa kwa mwongozo mmoja kwa watahiniwa wa nchi nzima, na tafakuri, inasemekana, haipimiki. Ni sawa kwamba maisha ya mtahiniwa hayapaswi kupewa alama, na yeyote anayefanya hivyo anatoa alama kwa masaibu. Hata hivyo, kinachopimika kipo. Swali juu ya Makwati linaweza kusahihishwa kwa kutazama kama mtahiniwa amelipata tukio, kama amelieleza kwa usahihi, kama ameliunganisha na kizuizi kilichomo ndani ya riwaya na si cha kubuniwa na yeye, na kama hukumu yake inatokana na maelezo hayo. Sehemu inayomhusu mtu aliyenyamaza ingebaki kuwa kazi ya darasani, katika karatasi isiyokusanywa, au itakayokusanywa kwa hiari ya aliyeiandika. Mwalimu angeuliza siku inayofuata jambo moja tu juu ya karatasi hiyo: kama, baada ya kuiandika, mwanafunzi anamsoma Makwati vilevile alivyomsoma jana, na kama sivyo, ni ukurasa upi uliobadilika.