Dakika Tisini za Dominica: Kimbunga Maria Kilivyofuatiliwa

Saa 1:45 usiku wa Jumatatu, Septemba 18, 2017, Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, kilitoa taarifa ya dharura: kimbunga Maria kimefika daraja la 5, na upepo wake unavuma kilomita 260 kwa saa. Saa 3:15 usiku huohuo jicho la kimbunga likaingia nchi kavu katika kisiwa cha Dominica, Karibi. Kati ya taarifa na tukio zilipita dakika tisini. Alfajiri ya siku hiyo, watu wa kisiwa walipoamka, Maria kilikuwa bado cha daraja la 1.

Kisa hiki husimuliwa kwa njia mbili, na zote zinanikera. Wengine husema watabiri walikosea. Wengine husema wananchi hawakusikia. Mfululizo wa taarifa za siku zile unaonyesha mambo tofauti: njia ya kimbunga ilitabiriwa vizuri, na wananchi walikuwa wameonywa mapema. Tatizo lilikuwa kwenye nguvu ya kimbunga, na kwenye jinsi mtu wa kisiwa kidogo anavyolazimika kuisoma ramani iliyochorwa kwa ajili ya bahari nzima.

Taarifa ya kwanza ilitoka Jumamosi, Septemba 16, saa 5 asubuhi, mfumo huo ukiwa mashariki ya Barbados, haujapata jina wala umbo kamili. Hilo lilikuwa jambo jipya. Mwaka 2017 ndipo kituo cha Miami kilipoanza kutoa taarifa na tahadhari kwa mfumo wa hali ya hewa ambao haujawa dhoruba bado lakini unaelekea nchi kavu. Kwa utaratibu wa zamani visiwa vingesubiri hadi dhoruba ithibitishwe kuwa imezaliwa. Kwa utaratibu mpya, Dominica ilipata saa 58 kuanzia taarifa ya kwanza hadi jicho kufika, na kufikia Jumapili jioni ilikuwa tayari chini ya onyo rasmi la kimbunga. Katika sehemu ya bahari ambako dhoruba huweza kuzaliwa karibu kabisa na visiwa, saa chache za ziada ni boti zilizovutwa juu na madirisha yaliyopigiliwa mbao.

Sasa, mtu aliye Miami anajuaje upepo unavuma kwa kasi gani katikati ya Atlantiki? Chombo cha kwanza ni satelaiti, na mbinu inayotumika ni ile iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970. Mchambuzi huangalia umbo la mawingu: yamejizungusha kiasi gani, jicho limefunguka au la, vilele vya mawingu yanayolizunguka jicho vina baridi kiasi gani, na ndani ya jicho kuna joto kiasi gani. Kutokana na hayo hupata namba, na namba hiyo hugeuzwa kuwa kasi ya upepo. Ni kazi ya kustaajabisha, ukizingatia kwamba satelaiti iko karibu kilomita 36,000 juu ya bahari. Lakini ina udhaifu wake: kimbunga kinapopanda nguvu ghafla, makadirio haya huelekea kubaki nyuma.

Ndiyo maana Wamarekani hutuma ndege. Kikosi cha 53 cha akiba ya jeshi lao la anga, chenye makao katika kambi ya Keesler huko Mississippi, hurusha ndege za WC-130J zinazokata kimbunga kutoka upande mmoja hadi wa pili, zikipita ndani ya jicho. Njiani wafanyakazi hudondosha vifaa vidogo vyenye parachuti, ambavyo hupima mgandamizo wa hewa, joto, unyevu na upepo hadi vinapogusa maji. Kifaa kingine kilichofungwa kwenye ndege husoma mionzi inayotolewa na povu la bahari, na kutokana na povu hukadiria upepo ulioko chini. Ndege ya namna hiyo ndiyo iliyokuta Maria kimeshafika daraja la 5 jioni ile. Tangu kimbunga kilipokaribia, rada za Martinique na Guadeloupe, visiwa viwili vya Ufaransa vinavyoizingira Dominica kusini na kaskazini, zilikuwa zikilionyesha jicho lenyewe likisogea, dogo na kamili.

Tukumbuke pia kwamba taarifa hizi huja kwa ratiba: kila baada ya saa sita, na kila baada ya saa tatu kunapokuwa na onyo kwa nchi kavu. Msikilizaji wa redio kisiwani hupanga siku yake kwa ratiba hiyo. Siku ile ratiba ilisoma hivi. Saa 11 alfajiri, daraja la 1, upepo wa kama kilomita 150 kwa saa. Saa 2 asubuhi, daraja la 2. Saa 5 asubuhi, daraja la 3, kilomita 195. Saa 11 jioni, daraja la 4, kilomita 215. Kisha ile ya saa 1:45 usiku, ambayo haikuwa hata kwenye ratiba. Uchambuzi uliofanywa baadaye uliweka upepo wa wakati wa kutua kuwa takriban kilomita 270 kwa saa, na mgandamizo wa katikati hektopaskali 922.

Kwa nini kilipanda hivyo? Maji yalikuwa ya moto, hewa ilikuwa na unyevu wa kutosha, na upepo wa tabaka za juu haukutofautiana sana na wa chini, kwa hiyo hakuna kilichokikata kimbunga kichwa. Juu ya hayo Maria kilikuwa na jicho dogo sana, lenye upana wa kilomita zipatazo 18. Vimbunga vyenye jicho dogo hubadilika haraka kwa pande zote mbili, kupanda na kushuka. Watabiri walijua mazingira yanaruhusu kimbunga kupata nguvu, na walionya hivyo tangu Jumapili. Lakini hakuna utabiri wa Jumapili ulioonyesha daraja la 5 kufikia Jumatatu usiku. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuuona mwendo huo.

Kwenye njia ya kimbunga hali ilikuwa nzuri zaidi, na hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana hata uzuri huo una mipaka kwa mtu wa kisiwani. Ile koni inayochorwa kwenye ramani hupimwa kwa makosa ya utabiri wa miaka mitano iliyotangulia, kwa namna ambayo kitovu cha kimbunga hubaki ndani yake takriban mara mbili katika kila tatu. Haisemi upepo utafika wapi, wala mvua itanyesha wapi. Na kosa la kawaida la utabiri wa saa 24 mbele, enzi hizo, lilikuwa kama kilomita 70. Dominica ina urefu wa kilomita 47 na upana wa kilomita 26. Kisiwa chote kinaingia ndani ya kosa hilo na nafasi inabaki.

Kwa kimbunga kikubwa kilichotanuka hilo lisingekuwa na uzito mkubwa. Lakini Maria kilikuwa kidogo kwa umbo, na upepo wake wa kuangamiza ulienea makumi machache tu ya kilomita kutoka kwenye kitovu. Kosa la kilomita 60, ambalo Miami ni kazi nzuri, kwa visiwa vile ndiyo tofauti kati ya Martinique, Dominica na Guadeloupe. Mkaazi anayeuliza kama paa lake litabaki hawezi kupata jibu kwenye koni. Hujibiwa na kumbukumbu.

Na kumbukumbu za Dominica zilikuwa nyingi na zenye kupingana. Agosti 29, 1979, chini ya mwaka mmoja baada ya uhuru, kimbunga David kilipiga kusini mwa kisiwa. Utabiri wa awali ulikuwa umekielekeza Barbados, kisha kikageuka katika saa za mwisho, na watu 56 wakafa Dominica. Mtu aliyekuwa hai mwaka ule anayo sababu ya haki ya kutoiamini koni inayopita pembeni. Agosti 27, 2015, ikaja Erika, dhoruba ya kitropiki tu ambayo haikufika hata daraja la 1. Haikuangusha nchi kwa upepo. Ilimwaga mvua, milima ikaporomoka, watu wapatao 30 wakafa, na kijiji cha Petite Savanne kikaonekana hakifai tena kukaliwa na wakaazi wakahamishwa. Kisha Septemba 6, 2017, siku 12 tu kabla ya Maria, Irma kikaivunjavunja Barbuda kwa upepo wa kilomita 285 kwa saa, nacho kikaiacha Dominica.

Ukiyapanga matatu hayo, utaelewa hofu ya Jumatatu ile ilikuwa ya nini. Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit aliwataka wananchi wakichukulie kimbunga kwa uzito mkubwa sana, na akataja maji: maji mengi kiasi kile ni hatari kwa Dominica. Alikuwa sahihi. Kisiwa ni milima mitupu, Morne Diablotins una mita 1,447, na mito hushuka kwa kasi hadi kwenye makazi ya pwani. Mtu aliyefundishwa na Erika alihama bondeni, akakimbilia juu. Lakini juu ndiko upepo wa daraja la 5 unakouma zaidi. Usiku ule Skerrit mwenyewe aliandika kwenye Facebook kwamba paa lake limeondoka na nyumba inajaa maji, na baadaye kwamba ameokolewa.

Asubuhi, zaidi ya asilimia 90 ya mapaa yalikuwa yameharibika. Idadi iliyoandikwa baadaye ni watu 31 waliokufa na 34 waliopotea, katika nchi ya watu kama 70,000. Hasara ilikadiriwa kuwa asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia.

Msomaji wa pwani yetu asiyachukue haya kuwa mambo ya mbali. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, kisiwa chenye urefu unaokaribiana na wa Dominica, hakukuwa na ndege iliyoingia ndani yake. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ndege hizo hazitumwi kwa kawaida. Nguvu ya Hidaya ilikadiriwa kwa satelaiti, kwa mbinu ileile ya Dvorak. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, kimbunga kikapungua nguvu kilipofika Mafia Mei 4, na wapo waliosema walitishwa bure. Hawakutishwa bure. Kimbunga kinaweza kupanda au kushuka ndani ya saa ambazo vyombo vyetu haviwezi kuona, na mwaka 2017 upande wa pili wa dunia kilipanda, tena kikiwa kinatazamwa na ndege na rada.

Kwa maoni yangu, taarifa kwa visiwa vidogo inapaswa kutaja waziwazi uwezekano wa nguvu kubadilika. Mtangazaji akisema "daraja la 2" bila kuongeza kwamba mazingira yanaruhusu kuruka madaraja mawili, amempa msikilizaji namba ya saa iliyopita. Wasimamizi wengi wa maafa hushauri mtu ajiandae kwa daraja moja juu ya lililotangazwa. Kwa kimbunga kidogo kilicho juu ya maji ya moto, na hasa pale ambapo vipimo vyote vinatoka kwenye satelaiti, hata hilo ningeliona dogo. Na lisemwe mapema mchana, kabla barabara za mlimani hazijafungwa na maporomoko, maana tangazo la saa 1:45 usiku humkuta mtu akiwa tayari ameshafunga mlango.

Katika hili kuna maendeleo ya kweli. Juni 2024, kimbunga Beryl kilipokuwa kikielekea visiwa vya Grenada, watabiri walisema tangu Juni 29, siku mbili kabla, kwamba kitakuwa kimbunga kikubwa na cha hatari kabla ya kufika. Kikawa hivyo. Julai 1 kilipiga Carriacou kikiwa cha daraja la 4, na waliokufa walikuwa wachache. Lakini karibu nyumba zote za kisiwa ziliharibika au kubomoka, na Waziri Mkuu Dickon Mitchell alisema Carriacou ililazwa chini katika nusu saa. Utabiri wa nguvu uliwatoa watu kwenye nyumba zisizofaa; nyumba zenyewe zilibaki zilivyojengwa. Dominica, baada ya Maria, ilirekebisha miongozo yake ya ujenzi: mteremko wa paa, idadi ya misumari kwenye bati, na vyuma vya kufungia kenchi kwenye ukuta. Hiyo ni kazi ya seremala, na hufanywa miezi ambayo hakuna kimbunga kwenye ramani.