Toba na Deni katika Katuni za Kijapani

Mkristo akitaja anime kanisani, swali la kwanza analokutana nalo ni hili: je, hizo katuni za Kijapani hazina mapepo? Sisi tulioanza kuzitazama enzi za CD za kuazimana, na ambao leo tunazitazama kwenye simu, tumeulizwa swali hilo na wazazi, na wazee wa kanisa, na hata wenzetu wa umoja wa vijana. Ni swali la haki. Zimo zilizojaa damu bure, na zimo ambazo hatutamshauri mtu yeyote azitazame, awe mwamini au la. Tatizo la swali hili ni kwamba linaelekeza macho mahali sipo. Watu hutafuta pembe, hutafuta misalaba, na wakishaiona au kuikosa hudhani wamekwisha kuipima kazi yenyewe.

Neon Genesis Evangelion, iliyorushwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1995 na 1996 katika sehemu 26, ni mfano mzuri. Ndani yake milipuko hupanda angani kwa umbo la msalaba, maadui huitwa malaika, na chini kabisa ya ardhi kuna kiumbe mkubwa aliyetundikwa msalabani. Wapo Wakristo walioshtuka, na wapo waliofurahi wakidhani wamepata mahubiri. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji Hideaki Anno, alieleza baadaye kwamba alama hizo zilichaguliwa kwa sababu Ukristo ni dini ngeni kwa Wajapani (Wakristo wa huko ni kama mtu mmoja katika mia), na ugeni huo ungeipa hadithi sura ya fumbo. Ni pambo tu, kama fulana yenye maandishi ya Kichina ambayo mvaaji hawezi kuyasoma. Evangelion ni kazi kubwa kwa jinsi inavyoonyesha upweke wa kijana Shinji, lakini misalaba yake haina la kutuambia.

Msalaba wa Trigun ya mwaka 1998 una maana zaidi, tena umewekwa kwa utani. Mhubiri Wolfwood anatembea jangwani akiburuta msalaba mkubwa uliofungwa kwa vitambaa, na ndani ya msalaba huo mna bunduki. Anaamini kwamba mara nyingine lazima mmoja auawe ili wengine wapone. Mwenzake wa safari, Vash, anakataa kuua mtu yeyote, hata aliyekuja kumuua yeye. Wolfwood anafia ndani ya kanisa, amepiga magoti, akijiuliza kama njia aliyoifuata ilikuwa sahihi. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba anime tunazozipenda, za zamani na za sasa, zinarudi kwenye swali moja: mtu aliyekosa, tena kosa lisilofutika, afanye nini ili aendelee kuishi? Tunasema kuishi kwa maana yake halisi. Katika kadhaa kati ya hadithi hizi, mkosaji anafikiria kujiua.

Jibu la kwanza ambalo anime hulipa ni la mfanyabiashara: alipe. Fullmetal Alchemist: Brotherhood, ya mwaka 2009 na 2010, yenye sehemu 64, imejengwa juu ya sheria kwamba huwezi kupata kitu bila kutoa chenye thamani ileile. Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanajaribu kumfufua mama yao kwa elimu ya kubadili vitu. Mmoja anapoteza mguu na mkono, mwingine anapoteza mwili wote. Sheria hiyo hata sisi tunaijua: mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Uzuri wa hadithi ni kwamba haibaki hapo. Binti aitwaye Winry anamfunga kidonda mtu aliyewaua wazazi wake, waliokuwa madaktari. Hasemi kwamba amemsamehe. Anasema wazazi wake wangefanya hivyo. Na mwishoni ndugu hawa wanaibadili sheria yenyewe, wanakubaliana kwamba ukipokea kumi, urudishe kumi na moja. Ni hesabu ndogo, lakini tayari imetoka sokoni.

Filamu ya A Silent Voice, ya mwongozaji Naoko Yamada na studio ya Kyoto Animation, mwaka 2016, inaanza na deni la fedha taslimu. Shoya alipokuwa shule ya msingi alimtesa Shoko, msichana kiziwi, akamharibia vifaa vyake vya kusikia kimoja baada ya kingine, na mama yake Shoya akalipa. Miaka inapita. Kijana anafanya vibarua, anauza vitu vyake, anaziweka yeni milioni 1.7 kando ya mto wa mama yake aliyelala, kisha anakwenda kujiua. Anashindwa, anarudi nyumbani. Asubuhi mama anatambua mpango ulivyokuwa. Anazishika zile noti na kutishia kuzichoma asipoahidi kwamba hatajaribu tena, na katika purukushani hiyo zinashika moto kweli. Mahubiri mengi juu ya msamaha hayajafika pale ilipofika asubuhi ile: mama anaitazama jasho ya mwanawe ikiungua, na kwake mtoto aliye hai ndiye malipo.

Hata hivyo filamu hii inatukwaza mahali pamoja, nasi tunaona ni kasoro kubwa. Inamhurumia mkosaji kuliko aliyekosewa. Shoko ndiye aliyeteswa, lakini yeye ndiye anayeomba radhi kila mara, na usiku wa fataki ni yeye anayepanda ukingo wa baraza ili ajirushe, akiamini kwamba kuwapo kwake kunawaharibia wengine maisha. Filamu inaonyesha jambo hilo kwa upole mkubwa, kisha inarudi haraka kwenye moyo wa Shoya. Tungependa ikae naye zaidi. Anayeonewa kujiona mwenye hatia ni jambo ambalo kila mchungaji anayesikiliza watu analifahamu, na halimalizwi na machozi ya aliyemwonea.

Vinland Saga ni kali kuliko zote. Msimu wa kwanza, wa mwaka 2019, unamfuata Thorfinn, mtoto wa Iceland anayekua katikati ya majeshi ya Waviking akisubiri siku ya kumuua Askeladd, aliyesababisha kifo cha baba yake. Katika msimu huo yumo padri mlevi, Willibald, anayemweleza mwana wa mfalme jambo gumu: kwamba upendo wetu ni upendeleo tu, na mwenye upendo kamili ni maiti, kwa sababu haui tena, haibi, hachukii. Hatukubaliani naye, maana Mungu tunayemwamini aliupeleka upendo huo katika mwili ulio hai. Lakini kumsikia padri akisema hivyo kwenye theluji, mbele ya maiti, kumetusaidia kuacha kulitamka neno upendo kwa wepesi.

Msimu wa pili, wa mwaka 2023, ni wa shamba. Wapo walioukimbia kwa sababu hauna vita. Sisi tunauona bora. Thorfinn sasa ni mtumwa nchini Denmark, anakata miti, anang'oa visiki, analima ngano pamoja na mtumwa mwenzake Einar. Usiku anawaota aliowaua wakimvuta chini. Anaapa kuacha kupigana, na ahadi hiyo inajaribiwa siku anapokubali kupigwa ngumi mia moja ili tu aruhusiwe kuzungumza na mfalme. Anapoulizwa kwa nini anawavumilia maadui, anajibu kwamba yeye hana adui.

Hapa tunajifunza na tunaona pengo, yote kwa pamoja. Tunajifunza kwa sababu toba ya Thorfinn ina mikono. Katika makanisa yetu tumezoea ushuhuda wa dakika tano: nilikuwa jambazi, nimeokoka, watu wanapiga makofi, na aliyeibiwa hajatembelewa hata siku moja. Zakayo hakutoa ushuhuda wa namna hiyo. Alitaja kiasi na mara ngapi atarudisha. Thorfinn angemwelewa Zakayo. Pengo ni kwamba toba yake haina wa kuipokea. Wafu wake hawawezi kumwambia inatosha, na juu yao haoni mtu mwingine wa kulisema neno hilo. Kwa hiyo analima, anavumilia, anaendelea. Ni ushujaa, lakini ni ushujaa unaochosha, na tunawajua watu wanaoishi hivyo.

Ndiyo maana, tukilazimishwa kuchagua moja tu, tunachagua kazi ndogo ya mwaka 2002 ambayo wapenzi wengi wa leo hawajaisikia: Haibane Renmei, sehemu 13, iliyobuniwa na mchoraji Yoshitoshi ABe. Inatokea katika mji uliozungushiwa ukuta ambao haivukwi na wakazi. Humo wanaishi viumbe waitwao Haibane, vijana na watoto wanaozaliwa ndani ya vifukofuko vikubwa, hawakumbuki lolote la zamani ila ndoto moja, nao huitwa jina kutokana na ndoto hiyo. Wana mabawa ya kijivu yasiyoruka. Duara la nuru la kichwani huundwa kwenye kalibu, na la mhusika mkuu, Rakka, halitulii hadi lifungiwe waya. Hawashiki pesa, na huvaa nguo ambazo wengine wamekwisha kuzitumia. Ni malaika wa mitumba, tungesema kwetu.

Rakka anapoota mabawa, usiku kucha kwa homa na damu, anayekaa naye na kumsafisha ni Reki, dada mkubwa wa nyumba, mvuta sigara, mlezi wa watoto wote. Baadaye mwenzao mdogo, Kuu, anaondoka ng'ambo ya ukuta siku yake inapofika. Rakka anashikwa na huzuni, na mabawa yake yanaanza kuwa na madoa meusi. Reki anamletea dawa ya kuyaficha. Anayo dawa hiyo kwa sababu amekuwa akiyaficha ya kwake tangu azaliwe.

Mzee wa hekalu anampa Rakka fumbo: anayeijua dhambi yake hana dhambi, je, wewe unayo? Akisema anayo, basi anaijua, kwa hiyo hana. Akisema hana, basi ameacha kuijua. Mtu akiwa peke yake atazunguka humo mpaka afe. Tumesoma vitabu vya theolojia vilivyotumia kurasa nyingi kulifikia jambo hili. Jibu la hadithi ni kwamba mtu hawezi kujitoa mwenyewe kwenye duara hilo. Lazima atoke mwingine nje aje.

Kisha inakuja sehemu ya mwisho, na Reki anasema kilichokuwa moyoni. Wema wake wote, supu, kuwaogesha watoto, kukesha na wagonjwa, aliufanya akitumaini kwamba siku moja utamfungulia mlango, na kila mara mlango haukufunguka. Ndani ya chumba chake yuko kwenye reli, treni inakuja, na Rakka amesimama mlangoni hawezi kuingia mpaka aitwe. Mtu aliyesaidia kila mtu kwa miaka hajawahi hata mara moja kusema "nisaidie". Anaogopa kwamba akiomba, hatajibiwa. Kila usharika una Reki wake: yule anayefagia, anayepika kwenye misiba, anayeongoza kwaya na kulala wa mwisho, na hakuna anayemuuliza kwa nini hapumziki. Hatimaye Reki anaomba, kwa sauti ndogo sana, na Rakka anaingia.

Baada ya hiyo, Tokyo Godfathers ya Satoshi Kon, ya mwaka 2003, ni kama kupumua. Usiku wa Krismasi watu watatu wasio na makazi wanamkuta mtoto mchanga kwenye takataka: Gin mlevi, Hana aliyezaliwa mwanamume na anayeishi kama mwanamke, na Miyuki, binti aliyetoroka nyumbani baada ya kumchoma baba yake kisu. Wanamtafuta mama wa mtoto mji mzima, na kila mmoja anakutana na aliowakimbia. Bahati zinazowaokoa ni nyingi kupita kiasi, na Kon anazirundika makusudi huku akicheka. Mwishoni baba yake Miyuki, ambaye ni polisi, anaingia katika chumba cha hospitali bila kujua nani yumo. Wanatazamana, na filamu inaishia hapo. Lugha yake ni chafu kidogo, haiwafai watoto wa Shule ya Jumapili, lakini vijana wa kipaimara na wazazi wao wanaweza kuitazama pamoja mwezi wa Desemba.